Mkono Unauma? Ipe Kompyuta Kazi Zaidi

Unachapa tangu asubuhi. Ikifika saa tisa alasiri kifundo cha mkono kinawaka moto, kidole gumba kinagoma, na usiku vidole vinakufa ganzi. Unakung'uta mkono, unalala, kesho unarudi kwenye kibodi ileile. Usiendelee hivyo. Maumivu haya yanaletwa na mjongeo mdogo unaorudiwa maelfu ya mara bila kupumzika. Ukiyawahi, mara nyingi yanatulia. Ukiyapuuza, yanaweza kukaa miezi.

Kompyuta hiyohiyo inayokuumiza inaweza kukupunguzia mzigo. Programu zipo, nyingi ni za bure, na nyingine tayari zimo ndani ya mashine yako. Nitakuonyesha zinazomfaa mtu anayeshinda kwenye kibodi: mchapaji wa steshenari, mhasibu, katibu muhtasi, mfasiri, mwandika programu. Ujue tu kwamba programu haitibu. Inafanya mambo mawili: inapunguza mara ambazo kidole kinagonga, na inakulazimisha kusimama. Mara nyingi mkono unapona wenyewe ukipewa nafasi.

Kabla ya programu, hospitali

Ganzi inakuamsha usiku? Vikombe vinakuponyoka? Nyama ya chini ya kidole gumba imeanza kunywea? Usisome zaidi, nenda hospitali wiki hii. Neva iliyobanwa muda mrefu inaweza isirudi kama ilivyokuwa.

Ukifika, taja vidole kimoja kimoja. Ganzi ya gumba, shahada na kidole cha kati mara nyingi inatoka kwenye neva inayobanwa kwenye kifundo cha mkono. Ganzi ya kidole cha mwisho na nusu ya cha pete mara nyingi inaanzia kwenye kiwiko. Daktari akijua hilo, nusu ya kazi imekwisha. Mwombe apime na sukari. Kisukari, ugonjwa wa tezi ya shingo na ujauzito huongeza uwezekano wa neva kubanwa, na hapo hakuna programu itakayosaidia peke yake.

Usimeze dawa ya maumivu ili umalize kazi ya mteja. Maumivu ndiyo yanayokuambia usimame. Ukiyazima ukaendelea kuchapa, unaumia bila kujua.

Jua kinachokuumiza

Pakua Workrave. Ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows na Linux. Siku mbili tatu za kwanza usibadilishe chochote, iache ikuhesabie tu. Kisha bofya ikoni yake kwa kitufe cha kulia, fungua Statistics. Utaona umegonga kibodi mara ngapi, umebofya mausi mara ngapi, na mausi imesafiri umbali gani.

Takwimu hizo zitakushangaza. Watu wengi wanailaumu kibodi, kumbe mausi ndiyo inayowamaliza. Kama mibofyo ni mingi na herufi ni chache, anza na sehemu ya mausi hapo chini. Kama umechapa kutwa, anza na vifupi vya maneno. Usibahatishe.

Mapumziko ambayo hutayakwepa

Workrave inakuja ikiwa imepangwa hivi: sekunde 30 za mapumziko kila baada ya dakika 3 za kazi, dakika 10 kila baada ya dakika 45, na kikomo cha saa 4 kwa siku. Ni mpangilio mkali, unamfaa mtu ambaye tayari anaumwa sana. Ukiona utaizima siku ya kwanza, iongezee muda: sekunde 20 kila dakika 8, dakika 5 kila saa. Kidogo unachokitii kinakufaa kuliko kikubwa unachokikwepa.

Usikubali kukaa saa mbili mfululizo kwa ahadi ya kupumzika sana baadaye. Mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza, HSE, inashauri dakika 5 hadi 10 kila saa kuliko dakika 20 kila baada ya saa mbili. Fupi na za mara kwa mara ndizo zinazousaidia mkono.

Sasa lililo muhimu kuliko yote kwenye Workrave: ingia Preferences, ondoa vitufe vya Skip na Postpone. Vikibaki utavibofya, maana kazi huwa haiishi. Kisha chagua skrini ifungwe wakati wa mapumziko. Wiki ya kwanza utakasirika. Vumilia.

Una Mac? Tumia Stretchly, nayo ni ya bure. Inakupa sekunde 20 kila dakika 10 na dakika 5 kila nusu saa. Ipo pia kwa Windows na Linux, na ina strict mode inayokuzuia kukatisha mapumziko.

Zote mbili zinatambua ukiondoka mezani. Ukienda kuchukua chai ukakaa dakika kumi, zinahesabu kwamba umeshapumzika. Haziji kukusumbua ukirudi.

Na wakati wa mapumziko, mikono chini. Iache ining'inie, legeza mabega, tazama mbali, simama. Usishike simu! Kuperuzi kwa kidole gumba ni kazi ileile kwenye kioo kidogo. Kama uko steshenari na foleni haikuruhusu kuondoka, tumia muda wa printa: karatasi zinapotoka, mikono iko mapajani.

Vifupi: hapa ndipo utaokoa zaidi

Nikitakiwa kukuchagulia kitu kimoja tu kwenye makala hii, ni hiki. Mapumziko yanakukatiza. Vifupi havikukatizi, vinakuharakishia kazi huku vikiupumzisha mkono.

Chukua barua ya kiofisi. Tuseme kichwa chake ni JAMHURI YA MUUNGANO WA TANZANIA, OFISI YA RAIS, TAWALA ZA MIKOA NA SERIKALI ZA MITAA. Hapo vidole vimegonga mara 80, ukihesabu na nafasi, kabla hujaandika hata tarehe. Ukichapa barua ishirini kwa siku, ni mara 1,600 kwa kichwa peke yake. Ukikifupisha kuwa herufi nne, inabaki 80 kwa siku nzima.

Programu ya kufanya hivyo inaitwa Espanso. Ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Ukishaiweka, fungua faili lake la base.yml. Chini ya neno matches ongeza mistari hii:

  - trigger: "xjmt"
    replace: "JAMHURI YA MUUNGANO WA TANZANIA\nOFISI YA RAIS\nTAWALA ZA MIKOA NA SERIKALI ZA MITAA"

Hifadhi. Sasa popote utakapochapa xjmt, iwe Word, barua pepe au WhatsApp ya kompyuta, kichwa chote kinajiandika. Ile \n inashusha mstari. Nafasi za mwanzo wa mstari ni lazima, na uziweke kwa spacebar. Ukitumia Tab faili litakataa.

Kwa nini nimeanza na x? Kiswahili hakina x wala q. Ukichagua kifupi kama "ku" au "mw", kitalipuka katikati ya kila neno unaloandika, kwa sababu Espanso haingoji ubonyeze nafasi. Ukitanguliza x uko salama. Wengi wanaochapa Kiingereza wanatanguliza nukta mbili au nukta mkato, lakini hizo zinagongwa na kidole cha mwisho cha kulia, kidole dhaifu ambacho huenda tayari kinakuuma.

Baada ya kichwa, fupisha yanayojirudia. "Husika na kichwa cha habari hapo juu" iwe xhus. "Nakutakia kazi njema" iwe xkaz. Sanduku la posta la ofisi, namba ya akaunti, jina la mkurugenzi na cheo chake, ile aya ya mwisho ya mkataba wa pango ambayo umeichapa tangu mwaka juzi: vyote vipe kifupi. Usikae chini kuandika hamsini kwa mpigo, utavisahau. Kila ukijikuta unachapa kitu kwa mara ya tatu, simama, kiongeze. Baada ya mwezi utakuwa na orodha inayofanana na kazi yako.

Kompyuta ni ya ofisi na huruhusiwi kuweka programu? Tumia Word yenyewe. Ingia File, Options, Proofing, AutoCorrect Options. Upande wa kushoto andika kifupi, upande wa kulia maneno kamili, bofya Add. Kwa AutoCorrect utahitaji kubonyeza nafasi ndipo kifupi kifunguke.

Ukiwa hapohapo Proofing, zima ukaguzi wa tahajia ikiwa Word yako haijawekewa Kiswahili. Ile mistari myekundu chini ya kila neno inakuvuta ubofye kurekebisha vitu ambavyo si makosa. Ni mibofyo ya bure kabisa.

Anayetumia Windows na anapenda kuchimba ajaribu AutoHotkey. Mstari mmoja tu ndani ya faili lenye mwisho wa .ahk unatosha:

::xhus::Husika na kichwa cha habari hapo juu

Jambo la mwisho kwenye uchapaji: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na V. Mara ya kwanza itakuomba ruhusa, iwashe. Kuanzia hapo Windows inakumbuka vitu 25 vya mwisho ulivyokopi, si kimoja. Hutarudi tena kwenye faili lilelile mara nne kukopi jina, namba, anwani na tarehe.

Mausi

Ongeza mwendo wa kishale kwenye setingi za mausi. Mkono usogee kidogo, kishale kiende mbali. Siku ya kwanza kitakuponyoka, ya tatu utakizoea.

Kuburuta huku umeshikilia kitufe ndiko kunakoumiza zaidi. Windows ina kitu kinaitwa ClickLock, kimo ndani ya Mouse Properties. Kikiwashwa, unabonyeza kwa muda mfupi, unaachia, unaburuta bila kushikilia, kisha unabofya tena kumaliza. Watu wanaitumia Windows miaka na hawajawahi kukiona.

Kwenye Excel acha kuburuta kabisa. Ctrl na mshale inakupeleka mwisho wa safu. Ctrl, Shift na mshale inachagua safu nzima, hata ikiwa na mistari elfu tano. Ctrl na D inajaza chini. Ctrl na E inaangalia ulichofanya kwenye mstari wa kwanza na kumalizia safu yote: andika jina la kwanza la mtu mmoja kutoka kwenye orodha ya majina kamili, shuka seli moja, bonyeza, majina ya kwanza ya wote yanajaa. Yakague kabla ya kuendelea, kwa sababu inakisia. Mhasibu akijua hizi nne, mkono wake wa kulia utamshukuru.

Kwenye intaneti, ongeza Vimium kwenye Chrome au Firefox. Bonyeza f, kila kiungo cha ukurasa kinapata herufi yake. Chapa herufi hiyo, umefika. Mausi haijaguswa.

Kama kidole cha mwisho kinauma kwa kushikilia Ctrl, gonga Shift mara tano. Windows itakuuliza kama unataka Sticky Keys. Kubali. Sasa unabonyeza Ctrl, unaachia, kisha unabonyeza C. Nenda kwenye setingi zake uondoe alama kwenye chaguo linaloizima pale vitufe viwili vinapobonyezwa pamoja, la sivyo itakuwa inajizima kila mara.

Wenye Mac, na wenye Linux ya GNOME, wana bahati ya ziada. Ndani ya Accessibility kuna chaguo la kishale kubofya chenyewe kikitulia mahali kwa muda. Inamsaidia sana mtu ambaye kidole cha shahada kimechoka. Lakini usiikumbatie mausi kwa nguvu ukingoja ibofye. Ondoa mkono.

Na kuhamisha mausi mkono wa kushoto? Ndiyo, ila kwa saa moja moja mwanzoni. Mkono usiozoea ukiupa kazi ya siku nzima, nao utaumia.

Sauti

Kiswahili sasa kinachapika kwa mdomo. Google iliongeza Kiswahili kwenye uchapaji wa sauti mwaka 2017, na kinafanya kazi vizuri kuliko watu wanavyodhani. Fungua Google Docs ndani ya Chrome, bonyeza Ctrl, Shift na S, chagua Kiswahili cha Tanzania au cha Kenya, bofya maiki, ongea. Unahitaji intaneti.

Ongea kwa mwendo wa mtangazaji wa taarifa ya habari. Sema sentensi nzima, usikate neno moja moja, kwa sababu programu inakisia neno kutokana na yaliyo jirani yake. Nukta na mkato utaweka mwenyewe baadaye kwa mkono, na majina ya watu yakague yote. Tumia hedifoni zenye maiki. Maiki ya laptopu inasikia feni na bodaboda kabla ya kukusikia wewe.

Laptopu yako haina maiki ya maana? Fungua dokumenti hiyohiyo kwenye simu, bonyeza maiki ya Gboard, ile kibodi ya Google ya kwenye simu, ongea huku umesimama dirishani. Maneno yanatokea kwenye kompyuta mbele ya macho yako. Rasimu ya kwanza ya barua ndefu au ripoti ifanye hivi kila mara. Kibodi ibaki kwa kusahihisha.

Kuiamuru kompyuta yenyewe kwa sauti, yaani kufungua programu, kubofya, kushuka chini, ni jambo jingine. Windows 11 ina Voice Access, Mac ina Voice Control. Amri zake utazisema kwa Kiingereza. Iliyo muhimu ni "show numbers": kila kitufe kwenye skrini kinapewa namba, unaitaja, kinabofywa.

Waandika programu wana Talon, ambayo ni ya bure na imetengenezwa kwa ajili ya watu wenye tatizo hilihili. Kila herufi ina neno lake fupi: a ni "air", b ni "bat", c ni "cap". Mwaka 2013, kwenye mkutano wa PyCon nchini Marekani, Tavis Rudd alisimama jukwaani akaandika programu kwa sauti tupu mbele ya watu, kwa zana alizojitengenezea baada ya mikono yake kuumia. Ni safari ndefu, si ya wiki moja. Lakini kama kazi yako yote ni kuandika programu na mikono imegoma, usiamini anayekuambia ubadilishe kazi kabla hujaijaribu.

Tahadhari moja: koo nalo linachoka. Usiumwe mkono ukaumiza na sauti. Kunywa maji, usipaze, na changanya: asubuhi sauti, mchana kibodi na vifupi.

Usifanye yote kwa siku moja

Ukiweka programu tano leo, mkono ukipata nafuu hutajua ni ipi iliyosaidia, na ukizidi kuuma hutajua ni ipi iliyodhuru. Wiki ya kwanza mapumziko. Ya pili vifupi. Ya tatu mausi, au ugeuze hizo mbili kama takwimu zimeonyesha mausi ndiyo inayokuumiza. Sauti iingie ukishazoea hayo. Kila jioni andika namba moja kwenye daftari, sifuri hadi kumi, mkono unauma kiasi gani. Itazame kwa wiki, si kwa siku.

Na meza iwe sawa, maana programu haiwezi kuinua kiti. Kama unatumia laptopu, ipandishe juu ya rimu mbili za karatasi na uchomeke kibodi ya nje, ya bei ya chini inatosha. Viwiko vikae kando ya mwili, kifundo cha mkono kiwe kimenyooka, kisilalie ukingo wa meza.

Kama umeajiriwa, mweleze mwajiri kwa maandishi mapema, ukitaja tarehe maumivu yalipoanza na kazi unayofanya. Tanzania Bara kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unaoshughulikia magonjwa yanayotokana na kazi chini ya sheria ya mwaka 2008. Kenya kuna sheria ya fidia ya mwaka 2007, maarufu kama WIBA. Ambatisha barua ya daktari, namba za daftari lako na takwimu za Workrave za miezi miwili. Omba vitu mahususi: ruhusa ya kuweka Espanso kwenye kompyuta ya ofisi, kibodi ya nje, hedifoni, na dakika tano kila saa. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na mchapaji aliyekaa nyumbani mikono imefungwa. Nakala ya barua yako kwa mwajiri baki nayo.